Dar hadi Unguja: dakika 20 za angani, saa tatu za safari

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi ule wa Abeid Amani Karume ni kama kilomita 70 tu kwa njia ya ndege. Ukiruka, hujamaliza kufunga mkanda vizuri rubani anaanza kushuka: dakika 20 hivi. Usidanganyike na hesabu hiyo. Ongeza foleni ya Barabara ya Nyerere (jioni haina huruma), ukaguzi na kusubiri. Saa tatu zinakatika.

Angalia tiketi imeandikwa jengo la ngapi. Ndege ndogo nyingi huondokea Jengo la Kwanza, kubwa za ndani Jengo la Pili, na majengo hayo hayapo pua na mdomo.

Kwenye ndege ndogo mzigo mara nyingi ni kilo 15, tena begi laini. Sanduku gumu litakuletea maneno. Chukua kitambulisho.

Kama unalala Kariakoo au Posta, boti ya mwendo kasi, saa mbili hivi baharini, inaweza kukufikisha bandari ya Malindi, Unguja, mapema kuliko ndege. Kasikazi ikivuma, mwenye kichefuchefu apande ndege.