Mas'ala ya Mnyama wa Nyumbani Baada ya Talaka

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake: haya ni maelezo ya mas'ala ambayo wengi huyaona madogo. Mume na mke wameachana, na nyumbani mna mnyama, ng'ombe au paka au mbwa wa machungani. Je, ni wa nani?

Yametuhimu kwa ajili ya ndugu zetu watokao pwani kwenda bara kwa biashara, wakaoa huko, kama vile Gorong'a, upande wa Tarime na Serengeti katika Mkoa wa Mara. Nchi ile ni ya Wakuria, na kwao ng'ombe ndiye mali, na ndiye atolewaye katika kuoa.

Jueni ya kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi'i ndoa haichanganyi mali. Cha mume ni cha mume, na cha mke ni cha mke. Wala talaka haihamishi milki. Basi haiulizwi ni nani ampendaye mnyama zaidi, bali huulizwa ni nani alimmiliki, na kwa njia gani.

Kwanza, mahari. Ng'ombe aliyetajwa katika akidi kuwa mahari ni wa mke mwenyewe, si wa baba yake wala wa nduguze. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 4, tumeamrishwa kuwapa wanawake mahari yao. Mzee amchukuaye pasipo ridhaa ya binti yake amechukua kisicho chake, ijapokuwa ndiyo desturi ya mji. Na mume aliyekwisha kumwingilia mkewe, kisha akamwacha, hana haki ya kusema, "Nirudishiwe ng'ombe wangu," ila wakipatana kwa khului. Akimwacha kabla ya kumwingilia, nusu ya mahari humrudia. Lakini ndama aliyezaliwa baada ya akidi ni wa mke peke yake.

Pili, hiba. Mume akimwambia mkewe, "Mtamba huyu ni wako," naye akakubali, akakabidhiwa kwa idhini ya mume, hiba imetimia na hairejeshwi. Mtume (s.a.w.) amemfananisha ajirudishiaye zawadi yake na mbwa arudiaye matapishi yake, aliyeruhusiwa kurejea ni mzazi kwa mwanawe. Ama yakiwa ni maneno matupu pasipo kukabidhi, mnyama angali wa mume.

Tatu, wakigombana na mnyama yumo mikononi mwao wote wawili. Mwenye ushahidi ndiye hupewa. Wasipokuwa na mashahidi, kila mmoja huapishwa. Wakiapa wote, ni wao nusu kwa nusu. Na kwa kuwa mnyama hai hakatwi vipande, mmoja amnunulie mwenziwe fungu lake, au wamwuze wagawane thamani, au wapatane kwa zamu.

Nne, paka na mbwa. Paka ni tohara, na katika madhehebu yetu humilikiwa na huuzwa. Hukumu yake ni kama tulivyotaja. Mbwa hauzwi, wala hana thamani ya kugawanywa. Lakini mbwa wa kuchunga, wa shamba au wa kuwinda ameruhusiwa kufugwa, na aliyemshika ana haki naye kuliko mwingine, wala hanyang'anywi.

Tano, nalo ndilo zito: haki ya mnyama mwenyewe. Mwenye milki ni wajibu amlishe na amnyweshe. Akikataa, kadhi humlazimisha alishe, au auze, au achinje ikiwa ni wa kuliwa. Katika hadithi iliyo sahihi mwanamke aliingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Basi na aogope yule afungaye mlango kwa hasira na kwenda zake, na paka yumo ndani. Wala haifai mmoja kuchukua ng'ombe na mwenziwe ndama kabla ndama hajaweza kuishi pasipo maziwa ya mamaye, wangoje aachishwe. Na mume aliyemlisha ng'ombe wa mkewe kwa hiari yake, pasipo kuagizwa, hana ujira wa kudai, wala hamzuii ng'ombe kwa ajili hiyo.

Jueni pia ya kuwa Tanzania bara iko Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo mahakama huitumia katika kugawa mali iliyochumwa pamoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilihukumu kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango wa mke. Kwa hiyo andikeni mapema, mbele ya mashahidi, ng'ombe yupi ni wa nani. Karatasi moja siku ya amani huzuia viapo vingi siku ya ugomvi.

Na juu ya haki iko hisani. Sura ya Al-Baqara, aya ya 237, inatukataza kusahau fadhila baina yetu hata tunapoachana. Mwenye haki akimwachia mwenziwe ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya watoto, hakupoteza kitu mbele ya Mola wake.

Wallahu aalam.