Matatizo Sita ya Video za Kazi: Tafuta Chanzo Kabla ya Dawa

Mara hii tunazungumza na vijana na vikundi vinavyojipatia riziki kwa kutengeneza video za taasisi: vyama vya ushirika, shule, zahanati, hoteli na kampuni ndogo zinazotaka kueleza kazi zao. Sheria ya Kenya imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa ajili ya makundi ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na huduma za aina hii zinaweza kuombwa kupitia nafasi hiyo. Hata hivyo, mteja halipii jasho. Analipia video inayoonekana vizuri na kusikika vizuri.

Tuchukue mfano. Kikundi cha vijana watano kimepewa kazi na chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Wanatakiwa kutengeneza video ya dakika 6, ionyeshwe kwa wanachama siku ya mkutano mkuu wa mwaka. Wamelipwa malipo ya awali, nayo yameishia kwenye nauli na kukodi kamera. Baki italipwa video ikikubaliwa. Ikikataliwa, hasara ni yao.

Hatua nne za kupata chanzo

Tatizo likitokea, usianze kubonyeza kila kitu kwenye kompyuta. Jiulize maswali haya kwa mpangilio:

1. Je, faili ghafi iliyotoka kwenye kamera ina kasoro? Icheze kwenye kifaa kingine. Ikiwa nayo ina kasoro, tatizo lilianza wakati wa kupiga picha.
2. Faili ghafi ni nzima, lakini ndani ya programu ya kuhariri ni mbovu? Tatizo liko kwenye mipangilio ya uhariri.
3. Ndani ya programu ni nzima, lakini video iliyokamilishwa ni mbovu? Tatizo liko kwenye namna ulivyoitoa.
4. Kwako ni nzima, kwa mteja ni mbovu? Angalia kifaa cha mteja, waya, au flashi uliyompa.

Kisha badilisha kitu kimoja tu, ujaribu, uone. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na tatizo likaisha, hutajua dawa ilikuwa ipi, na kesho utaanza upya.

1. Taa zinapepesa

Vijana wetu wamemhoji mhasibu ofisini chini ya taa za mirija. Kwa macho, mwanga ulikuwa mtulivu. Kwenye video, mistari ya giza inapanda na kushuka ukutani.

Chanzo ni umeme wetu. Nchini Kenya umeme wa gridi huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera inaona. Vifaa vingi huja vimepangwa kwa nchi kama Marekani, ambako umeme ni wa mara 60: picha 30 kwa sekunde, na shata ya 1/60, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha. Hapa kwetu hesabu hiyo haigawanyiki sawasawa, kwa hiyo picha moja hupata mwanga mwingi na inayofuata hupata kidogo.

Dawa: weka kamera kwenye picha 25 kwa sekunde na shata 1/50. Kama ni lazima upige picha 30 kwa sekunde, weka shata 1/50 au 1/100. Kwenye simu, tafuta mpangilio wa kuzuia kupepesa kwa taa na uchague 50. Baadhi ya taa za bei rahisi za LED hupepesa kwa kasi yake zenyewe. Ukikutana nazo, zizime ukatumie mwanga wa dirisha. Kasoro hii ni ngumu kuiondoa kwenye uhariri, kwa hiyo piga sekunde 10 za majaribio na uzitazame kabla mhojiwa hajaketi.

2. Sauti ni mbovu

Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu kidogo, lakini asiposikia maneno huacha kutazama. Kiwandani kuna mashine ya kumenya kahawa, paa ni la mabati, na upepo unavuma uwanjani.

Dawa ya kwanza ni umbali. Kila unapoongeza umbali wa maikrofoni na mdomo mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6, huku kelele za mashine zikibaki palepale. Maikrofoni iliyo sentimita 30 kutoka mdomoni itapata sauti yenye nguvu kwa desibeli 12 zaidi kuliko ile iliyo sentimita 120. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola itakufaa kuliko ile ya kamera iliyo mbali, hata kama kamera ni ya bei kubwa.

Dawa ya pili ni kipimo. Mtu anapozungumza kwa nguvu, acha mita icheze kati ya desibeli -12 na -6. Ikigonga sifuri, sauti hukatika vilele na kukwaruza, na kupunguza sauti baadaye hakurudishi kilichokatika.

Dawa ya tatu ni mahali. Sogea mbali na mashine, funika maikrofoni dhidi ya upepo, na katika chumba chenye mwangwi tundika blanketi au leso nzito nje ya picha. Ukizima friji ya ofisi, weka funguo zako ndani yake. Hutaondoka bila kuiwasha tena. Kabla ya kufunga vifaa, rekodi sekunde 30 za ukimya wa mahali hapo. Zitakusaidia kuziba nyufa kati ya maneno.

3. Midomo na sauti haviendi pamoja

Hapa kuna kipimo rahisi. Tazama mwanzo wa mahojiano, kisha mwisho. Ikiwa sauti imechelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, isogeze tu mahali pake. Ikiwa mwanzoni ni sawa na mwishoni imepishana, kasi za picha na sauti zinatofautiana, na kusogeza hakutasaidia.

Simu nyingi hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde mwanga unapopungua au simu inapopata joto. Tofauti ndogo pia huleta madhara: video ya picha 29.97 ikichezwa kama picha 30, baada ya dakika 20 picha na sauti zitakuwa zimepishana kwa sekunde 1.2.

Dawa: kabla ya kuhariri, pitisha faili za simu kwenye programu ya kubadilisha video, kwa mfano HandBrake ambayo ni ya bure, na uchague idadi ya picha isiyobadilika. Ukirekodi sauti kwa kifaa tofauti, piga makofi mara moja mbele ya kamera mwanzoni na mara moja mwishoni. Makofi hayo mawili yatakuonyesha kama vitu viwili vinakwenda pamoja.

4. Kompyuta inakwama, au picha zimepotea

Video za kamera na simu za kisasa zimebanwa sana ili zichukue nafasi ndogo, na kompyuta hutoa jasho kuzifungua. Usikimbilie kununua kompyuta mpya. Programu nyingi za kuhariri zinaweza kutengeneza nakala nyepesi za picha zako. Hariri kwa nakala hizo, na wakati wa kutoa video programu itarudi kwenye faili za asili.

Ukikuta ujumbe kwamba faili hazipatikani, usidhani zimefutwa. Mara nyingi mtu amehamisha folda, amebadilisha jina, au diski ya nje haijachomekwa. Rudisha kila kitu mahali pake au ielekeze programu mahali papya. Kuanzia siku ya kwanza, weka picha, sauti, muziki na mradi wenyewe ndani ya folda moja, na usibadilishe majina katikati ya kazi.

5. Umeme umekatika na faili haifunguki

Kamera na simu nyingi hurekodi faili za MP4, na aghalabu orodha inayoeleza faili isomwe vipi huandikwa mwishoni, unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikiisha kabla ya hapo, picha huenda zipo ndani ya kadi lakini hazina orodha.

Usirekodi tena kwenye kadi hiyo, na usikubali kompyuta ikuombe uifomati. Nakili kila kilichomo kwenye diski, kisha ujaribu programu ya kurekebisha. Baadhi ya programu hizo huhitaji faili nyingine nzima iliyorekodiwa kwa kamera ileile na mipangilio ileile, ziitumie kama kielelezo.

6. Flashi inakataa, ukumbi unangoja

Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4, hata kama ina nafasi ya gigabaiti 64. Nakili kilichomo mahali pengine, kisha uifomati kwa exFAT, na uhakikishe kwamba kifaa cha mteja kinaisoma. Beba pia nakala ndogo ya MP4 yenye kodeki ya H.264, ambayo karibu kila kompyuta na runinga huifungua. Nenda ukumbini mapema, uicheze video yote kwenye projekta na spika zitakazotumika.

Kabla ya kutoka nyumbani

• Piga hesabu ya nafasi. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 64 itakutosha takriban dakika 85.
• Chaji betri zote, na uwe na moja ya akiba.
• Afikianeni wote: picha 25 kwa sekunde, shata 1/50, sauti kilohezi 48.
• Vaa vipokea sauti vya masikioni wakati wote wa kurekodi.
• Jioni ileile, weka nakala tatu: mbili kwenye vifaa tofauti, na ya tatu mahali pengine mbali na nyumba hiyo.
• Usifute kadi hadi mteja aipokee video, aikubali na amalize malipo.

Mkutano mkuu wa mwaka haurudiwi, na kahawa iliyovunwa leo haitundikwi tena mtini ili ipigwe picha upya. Hifadhi ukurasa huu ndani ya mkoba wa kamera, na kila mwanakikundi ajue hatua zile nne kwa moyo.