TOVUTI INAYOSOMEKA KWENYE SIMU NA KWENYE KOMPYUTA

Katika somo hili tutaeleza namna ya kutengeneza tovuti ambayo kila mtu ataweza kuisoma, awe na kompyuta kubwa au simu ndogo ya mkononi. Tumelichagua kwa sababu baadhi yenu mmeanza kujifunza kutengeneza kurasa za intaneti, na ni rahisi kuijaribu kazi kwenye kompyuta peke yake ukadhani imekamilika.

Tuchukue mfano wa matokeo ya mtihani. Mzazi mmoja huyatazama ofisini kwenye kompyuta. Mwingine yuko sokoni na simu yenye bando la siku moja. Ukurasa ukiwa umepangwa kwa ajili ya kompyuta tu, huyu wa pili ataona maandishi madogo kama sisimizi. Itambidi ayakuze kwa vidole, asogeze kushoto na kulia, na pengine asome alama za mtoto mwingine akidhani ni za mwanawe. Bando likiisha kabla ukurasa haujafunguka, ametoa pesa yake na hakupata kitu. Kwa hiyo jambo hili si la urembo, ni haki ya msomaji.

CHANZO CHA TATIZO

Mtandao wa tovuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 akiwa CERN, Uswisi. Kurasa za mwanzo zilikuwa maandishi matupu, nayo yalifuata yenyewe upana wa dirisha. Baadaye watengenezaji wakazoea vipimo visivyobadilika, kwa mfano pikseli 960, wakiwafikiria watu wa kompyuta. iPhone ilipotoka mwaka 2007, kivinjari chake kilizipanga kurasa hizo kana kwamba kioo kina upana wa pikseli 980, kisha kikazipunguza zienee. Zilienea, lakini hazikusomeka vizuri.

Wengine walitengeneza tovuti mbili, moja ya kompyuta na moja ya simu, na kazi ikawa mara mbili. Mwezi Mei 2010, Ethan Marcotte wa Marekani alichapisha makala iitwayo “Responsive Web Design”, akaeleza jinsi tovuti moja inavyoweza kujipanga yenyewe kufuata kifaa.

MAMBO MATATU YA MSINGI

Kwanza, tumia asilimia badala ya pikseli. Safu ya pikseli 300 katika ukurasa wa 960 ni sawa na asilimia 31.25. Kwenye kioo cha pikseli 320, safu hiyo itakuwa pikseli 100.

Pili, picha isizidi safu yake. Katika CSS tunaandika max-width: 100%. Lakini zingatia: picha ya megabaiti 3 hata ikionekana ndogo bado inakula bando la megabaiti 3. Ipunguze uzito kabla ya kuiweka.

Tatu, weka masharti ya upana. Ile safu ya pikseli 100 ni nyembamba mno kusomeka. Hivyo tunakiagiza kivinjari: upana ukifika pikseli 600, panga safu pembeni kwa pembeni, usipofika, zipange moja chini ya nyingine. Pia tunakiagiza kitumie upana halisi wa kifaa, la sivyo masharti haya hayatafanya kazi kwenye simu.

ANZA NA KIOO KIDOGO

Mwaka 2009 Luke Wroblewski alishauri tuanze kubuni kwa ajili ya simu, kisha tupanuke kuelekea kompyuta. Faida yake ni kwamba nafasi ndogo inatulazimisha kujiuliza msomaji amefuata nini hasa. Aliyekuja kutafuta matokeo asipitishwe kwanza kwenye picha kumi za mahafali.

Vitufe navyo viguswe bila taabu. Mwongozo wa WCAG 2.2 wa mwaka 2023 unataja pikseli 24 kwa 24 kuwa kipimo cha chini. Wala usizuie kukuza maandishi, kwani wazee wetu wanakuhitaji.

ZOEZI

1. Safu ya pikseli 240 katika ukurasa wa 960 ni asilimia ngapi?
2. Kwa nini kuipunguza picha kwa macho hakupunguzi bando?
3. Fungua ukurasa uliotengeneza kwenye simu ndogo kuliko zote nyumbani kwenu, umpe mzazi wako autumie bila kumwelekeza. Pale atakapokwama, ndipo pa kurekebisha.