Kupaka Rangi Dari kwa Mara ya Kwanza

Mtumiaji anayekusudia kupaka rangi dari ya nyumba yake, awe Wete, Chake Chake au Mkoani, asianzie dukani. Aanzie kwenye paa. Masika ya Pemba hayasamehe bati lililotoboka, na doa la maji ambalo chanzo chake hakikuzibwa hurejea juu ya rangi mpya.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni rangi ya zamani inayobabuka, hasa ya mafuta. Huenda ina madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto, na vumbi lake huangukia mikeka na vyombo. Isikwanguliwe wala kupigwa msasa ikiwa kavu. Iloweshwe kwanza, watoto wawe nje, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa.

Lita moja hutosha takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Dari ya mita 3 kwa 4, kwa mikono miwili, haifiki lita 3. Anayeuziwa ndoo ya lita 20 amebebeshwa hasara. Tunashauri rangi ya maji isiyong'aa, katika kopo lisilofunguliwa, lenye jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kuhusu risasi, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni sehemu 90 kwa milioni, muuzaji aulizwe.

Kingo zipakwe kwa brashi, kati kwa rola, juu ya ngazi imara (si kiti juu ya meza). Risiti ihifadhiwe hadi mkono wa pili ukauke, kwani kasoro nyingi huonekana hapo.