Somo la Madereva: Kilomita Elfu za Kwanza za Gari Jipya



Somo hili tumeliandika kwa ajili ya madereva, lakini tunaomba na wenzetu wa kiwandani na mashambani walisome. Mashine ya kukoboa kahawa, pampu ya maji na jenereta vyote vina injini, na injini mpya zote ni za ukoo mmoja.

Dereva mmoja wa upande wa Giteranyi alitujia na barua ya tajiri wake. Gari lilikuwa jipya, la dizeli, halijatimiza kilomita 700. Lilikwama mlimani likitoa mvuke, na fundi alipoifungua injini alikuta pistoni mbili zimekwaruza silinda. Barua ilisema kwa ufupi: umeua gari, utakatwa mshahara mpaka gharama iishe. Tulipomhoji akatueleza kwamba siku ya tatu tangu gari lifike alipakiwa mzigo kamili wa kahawa, akafungiwa na trela nyuma, akaambiwa awe Gitega kabla ya saa sita mchana. Alijua haifai. Hakusema neno. Tena aliuona mshale wa joto unapanda, akaendelea kwa kuiogopa hiyo saa sita.

Sasa tutazame ndani ya injini. Ukuta wa silinda kwa macho ni laini, lakini kiwandani umechorwa mistari midogo sana inayopishana kama ukili wa mkeka. Mistari hiyo hushika oili. Ringi za pistoni zikipanda na kushuka hukwangua ncha zake kidogo kidogo, mpaka ringi na ukuta vikaoana. Zikishaoana, gesi ya mwako haivuji kwenda chini wala oili haipandi juu kuungua. Kazi hiyo ndiyo mafundi wetu huiita rodaji, kwa kufuata Kifaransa. Ukiilemea injini kabla haijamaliza kazi hiyo, joto huzidi, oili huwa nyepesi kama maji, utando wake hukatika, na chuma hugusa chuma. Hapo pistoni hunata.

Wapo madereva wanaosikia hayo wakaliendesha gari jipya kama wamebeba mayai: kilomita 40 kwa saa mchana kutwa, au kuliacha linguruma bure uani nusu saa kila asubuhi eti linazoea. Hilo nalo ni kosa, na wengi hawalijui. Ringi husukumwa ukutani na nguvu ya mwako. Injini isipopewa kazi, ringi hazikwangui. Oili huungua juu ya ukuta na kuufanya ung'ae kama kioo. Gari la namna hiyo hula oili maisha yake yote, na dereva atasingiziwa wizi wa oili.

Basi kanuni ni kuipa injini kazi ya wastani, inayobadilika. Washa, ngoja kidogo oili ifike juu, ondoka taratibu bila kuinguruma. Ongeza mwendo, punguza, ongeza tena. Usikanyage mafuta mpaka chini. Mlimani badili gia mapema. Injini inayotetemeka katika gia ya nne inaumia kuliko inayozunguka kwa wepesi katika gia ya tatu. Kwetu jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na mji wa Muyinga uko juu ya mita 1,500. Gari lililopanda kwa wepesi karibu na pwani litakudai gia ya chini zaidi huku.

Vitabu vya magari mengi ya Toyota husema hivi: kilomita 300 za kwanza epuka kufunga breki kwa ghafla, kilomita 800 za kwanza usivute trela, kilomita 1,000 za kwanza usiende kasi kupita kiasi wala usishike mwendo mmoja kwa muda mrefu. Gari la kampuni nyingine lina kitabu chake, na pikipiki vilevile. Fuata hicho, hasa juu ya siku ya kumwaga oili ya kwanza. Injini za leo zimechongwa kwa usahihi kuliko Peugeot 404 za wazee wetu, lakini vitabu vingi bado vina ukurasa huo. Matairi mapya nayo huteleza siku za kwanza. Mvua ikinyesha, kaa mbali na gari la mbele.

Magari mengi tunayoyaona Muyinga yalikwisha kutumika Japani au Ulaya, na rodaji yake iliisha zamani. Lakini likifunguliwa injini gereji na kutiwa ringi mpya, hilo limerudi utotoni.

Gari jipya hasa huweza kushushwa bandari ya Dar es Salaam, likaendeshwa kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama hadi mpaka wa Kobero. Njia hiyo inapita kilomita 1,000, maana yake rodaji yote hufanyika Tanzania, pengine mikononi mwa dereva wa kukodiwa anayelipwa kwa safari wala si kwa siku. Huyo ana haraka. Katika tambarare atashika mwendo mmoja saa nzima, na kwenye mteremko wa Sekenke ataiacha injini ipige kelele katika gia ya chini. Ukitumwa wewe, vunja mwendo, pumzisha gari, pima oili kila asubuhi injini ikiwa baridi (na ukivuka Kobero usisahau kuhamia kulia). Ukipokea gari mpakani, pima oili na maji mbele ya aliyelileta, andika kilomita, mtie sahihi wote wawili.

Sahihi hizo ndizo tunazosisitiza. Kila gari liwe na daftari: tarehe, kilomita, mzigo, oili, maji. Ukiamriwa kubeba mzigo mzito au kuvuta trela mapema, sema kwa adabu kitabu kinavyosema, kisha andika nani ameamuru na gari lina kilomita ngapi. Akikataa kutia sahihi, andika kwamba amekataa na umwite shahidi. Mshale wa joto ukipanda, simama, hata kama saa sita imefika. Juu ya makato, Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti ya sheria, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na mfanyakazi aarifiwe masharti hayo. Barua ya hasira haitoshi.

Ndugu yetu wa Giteranyi hakuwa na daftari. Tulimtetea kwa stakabadhi ya mzigo, iliyoonyesha tarehe na uzito wa magunia. Makato yalipunguzwa nusu. Hayakufutwa, kwa sababu alipoulizwa habari ya mshale wa joto hakuwa na la kujibu.