Hazina Iliyo Katonini: Filamu za Zamani Zilizotiwa Sauti ya Kiswahili, Migori na Homa Bay

Utangulizi

Kila likizo inapokaribia, mwanafunzi wa fasihi simulizi hupewa kazi ya nyanjani: aende kwao, amtafute mzee, arekodi ngano na methali, kisha arudi na uchanganuzi. Nami nilipewa kazi hiyo. Nilifika Homa Bay nikiwa na kinasa sauti cha kuazima, nikaketi na nyanya yangu jioni tatu mfululizo, naye akanitambia ngano za Kijaluo ambazo baadaye nilizifasiri na kutuzwa alama nzuri. Jioni hizo zote nilikuwa nimeegemeza mgongo kwenye katoni la kanda za video lililoachwa na marehemu ami yangu. Haikunipitikia kwamba nililoliegemea lilikuwa na fasihi simulizi pia. Niliporudi miaka kadhaa baadaye kulifungua, kanda nyingi zilikuwa zimeota ukungu mweupe, na deki ya kuzichezea ilikuwa imekwisha kuuzwa kama vyuma vikuukuu.

Makala haya yanahusu katoni kama hilo. Yananuia kuonyesha kwamba mikusanyiko ya filamu za zamani iliyomo majumbani katika kaunti za Migori na Homa Bay, hasa filamu zilizotiwa sauti ya Kiswahili na wasimulizi ambao Wakenya huwaita ma-DJ, ni kumbukumbu ya utambaji wa Kiswahili ambayo idara zetu hazijaithamini. Kumbukumbu hiyo inaoza, na haitatungoja tumalize kujadiliana kama inastahili kuitwa fasihi.

Yaliyomo katonini

Mkusanyaji wa filamu kwetu hana rafu ya kioo. Ana katoni la sabuni au sanduku la bati la shuleni, na kila kanda ina karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Aghalabu karatasi hiyo haitaji jina la filamu bali la mwigizaji: Bruce Lee wa kwanza, Bruce Lee wa pili, Komando, Rambo, Mithun. Humo utakuta Enter the Dragon ya 1973, Drunken Master ya 1978, The Gods Must Be Crazy ya 1980, Disco Dancer ya 1982 na Commando ya 1985. Mwalimu wa Rongo, mfanyakazi wa kiwanda cha sukari Awendo na mchuuzi wa samaki Mbita wanaweza kuwa na mikusanyiko inayofanana hivi kwamba ungedhani walikwenda dukani pamoja.

Mijadala yao nayo si ya kubahatisha. Nimewahi kuwasikia wazee wawili wakibishana mchana kutwa iwapo Game of Death ihesabiwe miongoni mwa filamu za Bruce Lee. Mmoja alishikilia kwamba Lee alifariki Julai 1973, nayo filamu hiyo ikatolewa 1978 ikiwa imekamilishwa kwa waigizaji waliofananishwa naye, kwa hiyo ni ya kughushi. Wa pili alisema kwamba mapigano ya mwishoni, Lee akiwa amevaa ile nguo ya manjano, aliyapiga mwenyewe, na hayo yanatosha. Wote wawili walikuwa na haki. Mjadala huo, ukiuvua majina, ndio ule ule tunaoufanya darasani kuhusu uasili wa matini na uandishi wa baada ya mwandishi.

Sholay, filamu ya Kihindi ya 1975, inastahili kutajwa peke yake. Ina urefu wa zaidi ya saa tatu, ilhali kanda ya kawaida ya kunakilia ilikuwa ya dakika 180. Aliyeinakili bila kupunguza kitu aliishiwa na kanda kabla ya hadithi kwisha, na kanda ya ami yangu ilikatika hivyo hivyo, Thakur akiwa bado hajamaliza kesi yake na Gabbar. Kwa hiyo sisi watoto tulijitungia mwisho, na kila mmoja alikuwa na wake. Nilipokuwa mtu mzima nilipata kujua kwamba hata waongozaji wenyewe walikuwa na miisho miwili: katika ule wa awali Thakur anamuua Gabbar, lakini wakaguzi wa filamu wa India waliukataa, ikabidi polisi wafike wakati unaofaa. Mwisho uliokataliwa ulirejeshwa katika nakala iliyokarabatiwa na kuonyeshwa 2025. Mwanafunzi anayetafuta mfano wa matini isiyo na umbo moja la kudumu, jambo tunaloliita sifa kuu ya fasihi simulizi, hana haja ya kwenda mbali.

Neno stelingi

Kabla ya kumzungumzia msimulizi, tutazame neno moja ambalo filamu hizi zimelipatia Kiswahili. Mhusika mkuu huitwa stelingi, Kenya na Tanzania pia. Inaelekea neno hili lilitoholewa kutokana na lile la Kiingereza linalotangulia majina ya waigizaji wakuu filamu inapoanza. Mtazamaji aliona neno hilo likifuatwa na jina la shujaa, akalichukua kuwa cheo chake. Kisarufi limeingia katika ngeli ya A-WA bila shida: stelingi amefika, mastelingi wamefika. Kimaana halilingani kabisa na mhusika mkuu wa vitabu vya uhakiki. Stelingi hafi. Akifa, mtazamaji wa Migori atakuambia kwamba hakuwa stelingi, ulikosea tangu mwanzo. Neno limebeba ndani yake kanuni ya utanzu, kama vile neno sungura katika ngano linavyobeba ahadi ya ujanja. Sijaona kitabu cha nadharia ya fasihi cha shule za upili kinacholitaja, nalo linajulikana kwa kila mwanafunzi wa shule hizo.

Fanani aliye kando ya runinga

Usimulizi wa filamu haukuzaliwa Afrika Mashariki. Japani, enzi za filamu zisizo na sauti hadi miaka ya 1930, palikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia wakieleza na kuigiza sauti za wahusika, na baadhi yao walipendwa kuliko waigizaji. Huku kwetu, kati ya 1935 na 1937, mradi wa kikoloni wa filamu za elimu uliokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, ulizungusha filamu zake katika Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko, maelezo yakitolewa kwa Kiswahili na lugha nyingine kwa sahani za santuri au kwa kipaza sauti. Nia ya wakoloni ilikuwa kufundisha mkulima asafishe shamba. Hata hivyo mfumo wa picha ya kigeni na sauti ya mtu wa karibu ulibaki.

Katika zama za video mfumo huo ulichukuliwa na watu wenyewe. Uganda kukatokea wasimulizi wa Kiganda wanaoitwa ma-VJ. Tanzania ilimpata Derek Mukandala, aliyejulikana kwa lakabu ya Lufufu, na Kenya ikampata DJ Afro, ambaye sauti yake inatambulika katika vibanda vya video na matatu kote nchini. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings, aliyewachunguza wasimulizi wa Tanzania, aliipa makala yake moja kichwa kinachozungumzia kugeuza wali kuwa pilau. Sijaona maelezo bora zaidi ya kazi hii.

Kimitambo kazi yenyewe ilikuwa sahili. Deki moja ilicheza filamu, sauti yake ikapitishwa kwenye kichanganyishi pamoja na sauti ya kipaza sauti, deki ya pili ikarekodi. Msimulizi alipunguza sauti ya filamu alipozungumza na kuipandisha ngumi na nyimbo zilipoanza. Ndiyo sababu huwezi leo kuitenga sauti yake na filamu: zimerekodiwa katika mkondo mmoja.

Kisanaa kazi ilikuwa ngumu zaidi, nayo imejaa mbinu tunazozikariri kwa ajili ya mtihani. Msimulizi hufungua kwa kujitambulisha na kujisifu, kama manju afunguavyo ngoma. Huwapa wahusika majazi kwa sura au tabia zao. Hutumia tanakali za sauti, chuku na nidaa, huwasemesha watazamaji moja kwa moja, na humshauri stelingi asiingie nyumba ile. Hutoka nje ya hadithi na kutoa maoni kuhusu bei ya unga, kisha hurudi. Ami yangu alikuwa na Commando mara mbili: moja ilivuka mpaka wa Sirare na Isebania ikiwa na sauti ya Mtanzania, nyingine ilitoka Nairobi. Katika ile ya kwanza gari la polisi ni karandinga na pesa ni mshiko. Katika ya pili gari ni mariamu na pesa ni ganji. Filamu moja, adui mmoja, Viswahili viwili katika katoni moja. Mwanaisimujamii angetamani nini zaidi?

Hadhira nayo haikunyamaza. Katika kibanda cha video nilichokijua Mbita, kijana mwenye kibanda alisimama kando ya runinga na kuongeza maelezo yake papo hapo, Kiswahili kikichanganyika na Kijaluo, kwa faida ya waliokuja kutoka visiwani. Watazamaji wakamtawaza shujaa kwa majigambo ya pakruok, sanaa ya kujisifu na kusifiana inayoambatana na nyatiti. Mmarekani mwenye misuli akawa wuod Gembe, mwana wa Gembe. Siwindhe, nyumba ya bibi ambamo vijana wa Kijaluo walitambiwa ngano usiku, ilikuwa imepata mrithi wenye paa la mabati na jenereta.

Tafsiri au utunzi?

Pingamizi nimezisikia. Mhadhiri mmoja aliniambia kwamba hii ni tafsiri mbovu, kwa kuwa msimulizi mara nyingi haijui lugha ya filamu na hubuni mazungumzo. Ni kweli. Lakini kipimo cha uaminifu kwa matini asilia hatukitumii kwa usawa. Julius Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi na kuipa jina Mabepari wa Venisi mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, alichagua neno lililobeba siasa ya wakati wake. Tunalifundisha chaguo hilo kama ufasiri wenye ubunifu. Msimulizi wa filamu anapomgeuza mfanyabiashara wa dawa za kulevya kuwa kigogo mnyakuzi wa ardhi, anafanya jambo la ukoo huo huo, ingawa kwa haraka na bila mhariri.

Pingamizi ninayoikubali ni nyingine. Wapo wasimulizi wasiojua kunyamaza. Katika The Good, the Bad and the Ugly ya 1966, watu watatu wanatazamana makaburini kwa dakika kadhaa bila neno, muziki peke yake ukiongea. Nimesikia nakala ambamo msimulizi alizijaza dakika hizo kwa mzaha hadi risasi ya mwisho. Ni hasara tupu, na wakusanyaji wengi ninaowajua huhifadhi nakala isiyo na sauti ya DJ kwa ajili ya filamu kama hizo. Vilevile dhihaka dhidi ya wanawake na makabila imo tele, nayo ihakikiwe kama tunavyoihakiki katika ngano, wala isiwe sababu ya kutupa kanda.

Kanda zinaoza

Kanda ya sumaku haipendi unyevu, na nyumba zetu ziko kando ya Nam Lolwe, ziwa ambalo ramani huliita Victoria. Gundi inayoshikilia poda ya sumaku hulegea, ukungu huota, na kanda ikilazimishwa huchunika na kuchafua vichwa vya deki. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisitisha kazi hiyo mwaka 2016. Diski za VCD zilizofuata, ambazo ziliweza kubeba kama dakika 74 hadi 80 tu na hivyo kuigawa filamu sehemu mbili au tatu, zilinakiliwa kwa malighafi duni na nyingi zimepauka. Vijana sasa huhamisha filamu kwa flashi, lakini kinachohamishwa ni kile kinachopendwa leo. Sauti ya msimulizi asiyejulikana, aliyerekodi kanda ishirini kisha akarudi kuvua samaki, haina wa kuihamisha.

Sheria pia haina budi kutajwa. Nakala hizi, takriban zote, zilitengenezwa bila idhini ya wenye filamu, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaiweka haki ya kufasiri mikononi mwa mwenye kazi. Idara haiwezi kuziuza wala kuzisambaza. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inatambua matumizi ya haki kwa utafiti na uhakiki, na kuunakili usimulizi kwa maandishi, ukiwa na tarehe, mahali ilipopatikana kanda na jina la mmiliki akiridhia, ni kazi ya utafiti kama nyingine yoyote. Napendekeza kazi ya nyanjani ya likizo ijayo iruhusu jambo hilo: badala ya ngano mbili za nyanya, ngano moja na kanda moja.

Nimeanza mwenyewe. Fundi mmoja wa redio mjini Migori alinifungulia kanda nane, akazianika kivulini, akazizungusha kwa mkono kwa kalamu, na tatu kati ya hizo zikacheza. Commando ya Mtanzania ni miongoni mwazo. Nimenakili dakika arobaini za kwanza, mistari inayojaza daftari moja na nusu. Ile ya Mkenya bado imenata. Katoni sasa liko chumbani mwangu chuoni, juu ya kabati, mbali na dirisha, na yeyote mwenye deki nzima anakaribishwa aje nayo.