Siku ya Kufungua: Athari za Mfungo Mrefu kwa Mwili na Akili

Kufunga ni ibada na desturi ya kale. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, mfungo wa mchana kutwa kama ule wa Ramadhani hauumalizi mwili, kwa kuwa kila jioni akiba iliyopungua hujazwa tena. Makala haya yanahusu mfungo wa siku nyingi mfululizo, ambapo mtu hunywa maji tu au hula kidogo mno kwa siku 7, 14, 21 au hata 40. Wapo wanaofunga hivyo kwa ajili ya maombi, wapo wanaotaka kupunguza unene, na wapo wanaotafuta uponyaji. Wengi huziogopa siku za katikati, njaa inapouma. Hata hivyo, kitabibu, siku inayohitaji tahadhari kubwa zaidi ni ile inayosubiriwa kwa furaha, yaani siku ya kufungua.

Mwili unavyojilisha wenyewe

Katika saa za mwanzo mwili hutumia sukari iliyomo katika damu, kisha ile iliyohifadhiwa katika ini kwa umbo la glikojeni. Akiba hiyo huisha baada ya takriban siku moja. Ubongo huhitaji karibu gramu 120 za sukari kwa siku, na hauwezi kutumia mafuta moja kwa moja. Hivyo ini hulazimika kutengeneza sukari mpya, na sehemu kubwa ya malighafi yake ni protini inayotolewa katika misuli. Uzito hupungua kwa kasi katika siku hizo, lakini sehemu kubwa ya kinachopotea ni maji na chumvi, si mafuta.

Kuanzia siku ya pili au ya tatu, ini hugeuza mafuta kuwa ketoni kwa wingi. Mwaka 1967 watafiti wa Boston, Marekani, wakiwemo Oliver Owen na George Cahill, walionyesha kwamba kwa watu wanene waliofunga wiki 5 hadi 6 wakiwa hospitalini, ketoni zilikuwa zimechukua nafasi ya sukari kama chakula kikuu cha ubongo. Mabadiliko hayo hupunguza kasi ya kuliwa kwa misuli, lakini hayaikomeshi. Misuli ya moyo nayo hupungua. Shinikizo la damu hushuka, mapigo ya moyo huwa ya polepole, na mtu husikia baridi na kizunguzungu anaposimama. Akiba ya vitamini B1, yaani thiamini, hutosha kwa wiki mbili au tatu tu.

Uwezo huo wa kustahimili una mwisho. Wafungwa 10 waliofariki katika mgomo wa kula huko Ireland ya Kaskazini mwaka 1981 walikufa baada ya siku 46 hadi 73.

Akili chini ya njaa

Baadhi ya wafungaji husema kwamba baada ya siku chache njaa hutulia na mawazo huwa mepesi. Hali hiyo si lazima idumu. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula vijana 36 wa kujitolea kwa miezi 6, hata wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Hawakunyimwa chakula kabisa, lakini akili zao zilibadilika. Walikuwa wepesi wa hasira, walijitenga, walihuzunika, na mawazo yao yaligandamana na chakula. Baadhi yao walikusanya vitabu vya mapishi. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko.

Funzo kwa familia ni kwamba mfungaji si shahidi wa kutegemewa kuhusu hali yake mwenyewe. Anahitaji mtu anayekula, anayemtazama kila siku, na mwenye ruhusa ya kusema basi. Kuchanganyikiwa, kuona vitu viwili-viwili na kuyumba wakati wa kutembea ni dalili za ubongo kukosa thiamini. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Hatari ya mlo wa kwanza

Chukulia mtu aliyemaliza siku 21 kwa maji pekee. Ndugu wanafurahi, wanamwandalia pilau, chapati na soda. Wanga na sukari vinapoingia, kongosho humwaga insulini kwa wingi. Insulini husukuma sukari ndani ya seli, na pamoja nayo fosfeti, potasiamu na magnesiamu. Madini hayo yalikwisha kupungua mwilini; sasa yanatoweka katika damu kwa ghafla. Thiamini kidogo iliyosalia nayo huisha. Matokeo yake, moyo hupiga bila mpangilio au hushindwa kazi, misuli ya kupumulia hulegea, miguu huvimba, na mgonjwa huweza kupata degedege. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, madaktari waliwaona mateka waliokombolewa wakifariki mara tu baada ya kuanza kulishwa.

Kwa mhudumu wa afya

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na watu wengine waliokolewa wakiwa wamedhoofika mno kwa njaa. Msiba huo ulionyesha kwamba mgonjwa wa namna hii anaweza kufikishwa katika kituo chochote cha afya.

Kwa mujibu wa mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2006, aliyekaa zaidi ya siku 10 bila kula, au akila kidogo mno, yumo katika hatari kubwa. Mtu huyo apewe thiamini kabla ya kulishwa na katika siku 10 za mwanzo za kulishwa. Nishati ianzie kilokalori zisizozidi 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, iongezwe taratibu kwa muda wa siku 4 hadi 7. Mwenye kilo 50, kwa hiyo, huanza na kilokalori 500 kwa siku. Aliyepitisha siku 15 huanzia kilokalori 5 kwa kila kilo, huku mapigo ya moyo yakifuatiliwa. Potasiamu, fosfeti na magnesiamu vipimwe na kurekebishwa. Pasipo na maabara, mgonjwa apewe rufaa mapema. Sukari ya damu ikiwa chini itibiwe papo hapo, na thiamini itolewe sambamba.

Wauguzi wa wodi za watoto wanaijua kanuni hii. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huanzishiwa maziwa ya F-75 kwa kiasi kidogo kidogo, wala hapewi chakula kizito siku ya kwanza. Kwa mtu mzima pia, haba na haba hujaza kibaba.

Kwa mgonjwa na familia

Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha, wenye maradhi ya moyo au figo, na waliowahi kuugua matatizo ya ulaji hawapaswi kuingia katika mfungo mrefu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi huweza kushukiwa na sukari hadi kuzimia. Asifunge wala asibadili dawa kabla ya kuonana na daktari. Anayemeza dawa za VVU au kifua kikuu asizikatishe.

Aliyekwisha kufunga zaidi ya siku 5 asifungue kwa karamu. Afike kwanza kituo cha afya, na aseme kweli idadi ya siku alizofunga. Wengi huificha kwa kuogopa kukemewa, na mhudumu asiyejua humtundikia dripu ya sukari kwa nia njema. Kwa hiyo, kabla ya dripu na kabla ya uji, kila mgonjwa aliyedhoofika aulizwe kwa upole na kwa heshima ya imani yake: mara ya mwisho alikula lini?